Hivi kwa Wamarekani rushwa inaanzia wapi? Naomba kueleweshwa

Fundi_Friji_Tabata (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Mi sio mtu wa siasa, mi fundi friji tu, ila jana nilikuwa kwa mteja nasubiri friji lishike baridi nijue gesi inakaa au inavuja, sasa pale sebuleni kuna TV na mzee mwenye nyumba anaangalia habari za nje, wanarudia hesabu za uchaguzi wa Marekani wa 2024. Wanasema Elon Musk peke yake alimwaga zaidi ya dola milioni 250 kumbeba Trump na wagombea wa chama chake. Mtu mmoja jamani. Halafu uchaguzi umeisha tukamwona yuko kwenye kitengo cha kubana matumizi ya serikali, watumishi wanatolewa kwa maelfu, na huku kampuni yake ya maroketi ina tenda za mabilioni za serikali hiyohiyo.

Nikamuuliza mzee, hii sio rushwa? Akanijibu bila hata kunigeukia, "Kule halali hiyo, wanaita mchango." Nikanyamaza nikaendelea na friji langu lakini roho haikutulia, maana mimi nikimwachia trafiki elfu tano hapo Relini hiyo ni kesi ya TAKUKURU.

Kwa hiyo naomba wenye uelewa, hasa mnaoishi huko, kwa Wamarekani rushwa inaanzia wapi? Mtu afanye nini ndo waseme sasa huyu kala hongo? Na msinijie na "Google ipo", nimeshagugo nimeambulia usingizi.

BintiUkerewe_Ohio

Fundi umeuliza kitu ambacho mimi nimekilipia kwenye bili. Niko Columbus, Ohio mwaka wa tisa huu, nakupa kisa cha hapahapa maana watu wakisikia rushwa ya Marekani wanawaza Washington wakati ulaji mtamu uko majimboni huku ambako hakuna kamera.

Kulikuwa na bwana anaitwa Larry Householder, anautaka uspika wa bunge la jimbo. Ili uwe spika wabunge wakupigie kura, na wabunge wanataka hela za kampeni, hivyo ukiwatafutia wewe hizo hela wanakuwa watu wako. Upande wa pili kuna kampuni ya umeme, FirstEnergy ya Akron, na kampuni yake tanzu ilikuwa na mitambo miwili ya nyuklia kando ya ziwa Erie, Davis-Besse na Perry, mitambo ya siku nyingi inakula hasara kwa sababu gesi asilia imeangusha bei ya umeme. Wanataka mwananchi awabebe. Ndo hawa wawili wakakutana.

Na hela haikupita kwenye bahasha, futa hiyo picha kichwani. Ilipita kwenye shirika linaitwa Generation Now, kwenye makaratasi ni shirika la ustawi wa jamii, halitengenezi faida, na sheria ya huku inaruhusu shirika la aina hiyo lisimtaje aliyelichangia. Zikaingia kama dola milioni 60. Zikabeba wagombea wake kwenye uchaguzi wa 2018, Januari 2019 jamaa akawa spika, Julai 2019 sheria imepita, House Bill 6, ruzuku ya zaidi ya dola bilioni moja kwa mitambo ile na mlipaji ni kila mwenye mita. Unajua walipanga nyumba moja ikatwe kiasi gani? Senti 85 kwa mwezi. Yaani hapo ndo niliwavulia kofia, maana nani ataandamana kwa senti 85? Mama anatoka zamu ya usiku ghalani, miguu imevimba, watoto wanasubiri basi la shule, huyo ndo aache kulala akapinge senti 85?

Ila watu walijaribu, nisiwaonee. Wakaanza kukusanya sahihi ili sheria ipelekwe kwenye kura ya wananchi. Wale wakajibu na matangazo kwamba hao wanaokusanya sahihi ni njama ya China kuuteka umeme wa Ohio, China jamani!, na baadhi ya wakusanyaji wakafuatwa waahidiwe hela na tiketi ya ndege waache kazi waondoke. Mimi nilikuwa mgeni mgeni bado, yale matangazo nikayaamini nusu, naona haya kusema. Sahihi hazikutimia.

Julai 2020 FBI wakamdaka. Novemba hiyohiyo, ana mashtaka kichwani, watu wa jimbo lake la uchaguzi wakamchagua tena, ikabidi wenzie waje kumfukuza bungeni Juni 2021. 2023 kapigwa miaka 20.

Sasa jibu lako liko hapa. Kilichomfunga ni makubaliano ya nipe hela nikupe sheria, tena kuna watu walirekodiwa wakiongea, na juu yake kuna kama dola laki tano alizozila mwenyewe, kalipia madeni ya kadi, kakarabati nyumba yake ya Florida. Ile milioni 60 ingeishia kwenye kampeni tupu na kila mtu akafunga mdomo wake, kwa maoni yangu mimi leo angekuwa bado spika na sie tunamwita mheshimiwa.

Kibatari_Cha_Usiku

Dada nimekusoma mpaka mwisho lakini umejifunga goli mwenyewe. Miaka ISHIRINI. Spika. We nitajie spika wa nchi gani huku kwetu kala hata miezi 20.

Na yule seneta wa New Jersey, Bob Menendez, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje ya Seneti nzima, wakaingia kwake 2022 wakakuta keshi zaidi ya dola 480,000, nyingine kwenye bahasha ndani ya mifuko ya makoti yaliyotundikwa kabatini, na vipande vya dhahabu juu. Akajitetea kwamba wazazi wake walitoka Cuba kwa hiyo ana mazoea ya kuweka akiba nyumbani. Utetezi mzuri tu, hata mimi bibi yangu alikuwa anaweka kwenye godoro, ila bibi hakuwa na dhahabu. Januari 2025 kahukumiwa miaka 11. Huku kwetu waziri alikutwa na zaidi ya dola milioni moja kisiwani Jersey kule Ulaya (sio New Jersey) akaziita vijisenti, akajiuzulu uwaziri, ubunge akaendelea nao. Tusijifanye tunawafundisha.

BintiUkerewe_Ohio

Kibatari sijasema hawafungi. Nasema angalia nani anafungwa. Menendez alifungwa kwa sababu dhahabu inashikika, ukiipiga picha hakimu anaielewa. Na kwenye kisa changu mpokeaji ndo yuko ndani. Mtoaji je? Kampuni ilikiri 2021, ikalipa faini dola milioni 230, waendesha mashtaka wakakubali kuiwekea kesi pembeni ikitimiza masharti. Bosi wake alifukuzwa kazi Oktoba 2020, jimbo likaja kumshtaki 2024, miaka mitatu na ushee baadaye, wakati huo spika keshaanza kula maharage ya jela. Faini milioni 230 kwa dili la bilioni na zaidi, we mfanyabiashara piga hesabu.

Wakili_Mstaafu_Upanga

Fundi, jibu la kisheria ni fupi ila halifurahishi. Kwao rushwa ni makubaliano, hiki kwa kile. Ukiyaondoa makubaliano au ukishindwa kuyathibitisha, kilichobaki kinabadilika jina.

Watu wa umri wangu mnaikumbuka takrima. Mwaka 2000 bunge letu liliingiza kwenye sheria ya uchaguzi kwamba mgombea akiwakirimu wapiga kura kwa nia njema, ule ukarimu wetu wa asili, hiyo isihesabike rushwa. Basi ikawa pilau, khanga, soda, kofia, na mwenye nacho akakirimu kweli kweli. LHRC, wale watetezi wa haki za binadamu, na wenzao wakaenda Mahakama Kuu, 2006 mahakama ikaifuta, ikaona inambagua mgombea asiye nacho na inaifungulia rushwa mlango. Tuliifuta kwenye karatasi, kwenye sufuria la pilau ni habari nyingine, lakini angalau kwenye karatasi tuliifuta.

Wenzetu wameelekea upande wa pili. Kuna mji unaitwa Portage, jimbo la Indiana, meya wake alikuwa James Snyder. Mji ukanunua malori ya taka kwa kampuni moja, kama dola milioni 1.1, mwaka uliofuata kampuni ikamlipa meya dola 13,000. Akasema ni malipo ya ushauri. Akatiwa hatiani, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu kabisa, Juni 2024 majaji 6 dhidi ya 3 wakasema sheria ya shirikisho aliyoshtakiwa nayo inakataza hongo iliyokubaliwa kabla ya kazi, haikatazi asante inayokuja kazi ikishaisha, hiyo asante kila jimbo na mji uitungie sheria yake wenyewe. Na hukumu inauliza kwa uchungu, je mzazi anayempa mwalimu kikapu cha zawadi mwisho wa mwaka naye ni mhalifu? Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka mke wangu akaja kuangalia. Mwalimu na kikapu chake wamewekwa mizani moja na meya na 13,000.

Na kabla ya hapo 2016 kulikuwa na gavana wa Virginia, Bob McDonnell. Yeye na mkewe walipokea kwa mfanyabiashara wa vidonge vya virutubisho zawadi na mikopo ya zaidi ya dola 175,000, humo mna saa ya Rolex na mchango wa harusi ya binti yao. Gavana akawa anampangia yule bwana vikao na maafisa wa serikali. Majaji wote 8, wote, wakasema kumpangia mtu kikao peke yake si tendo la kiofisi, hukumu ikatenguliwa.

Kuhusu Musk wako: mwaka 1976 mahakama hiyohiyo iliona kutumia hela kwenye kampeni ni sehemu ya uhuru wa kusema. Hela unayomkabidhi mgombea mkononi ina kikomo mpaka leo, tena kidogo tu, maelfu machache ya dola. Ila hela unayotumia wewe mwenyewe pembeni yake haina kikomo, na mwaka 2010, kesi ya Citizens United, majaji 5 kwa 4, kampuni nazo zikaruhusiwa. Hapo ndipo zilipozaliwa hizo super PAC, yaani mifuko ya kukusanya na kumwaga hela za kampeni bila kikomo. Sharti ni kwamba msipange pamoja na mgombea. Kwa hiyo kisheria hakumpa Trump milioni 250. Alizimwaga pembeni ya Trump.

Fundi_Friji_Tabata

"Pembeni ya Trump" 😂😂 mzee Wakili hiyo naenda nayo. Kesho trafiki akinisimamisha nadondosha elfu tano pembeni yake naondoka.

dogo_wa_Mbezi

uzi mrefu huu nimepitiliza kituo

Njugu_Karanga254

Wasee wa Bongo mko na Kiswahili kitamu hadi corruption inakaa shairi. Hiyo ya asante baada ya kazi huku Kenya tungeiita tu chai na maisha iendelee.

Kitu hunichekesha ni hii. Tangu 1977 wako na sheria ya kushtaki kampuni yao ikihonga afisa wa serikali ya nchi nyingine, yaani wakimpatia mkubwa wetu bahasha hapa Nairobi wanaweza shtakiwa kwao, na faini zao huwa si mchezo. Lakini hiyo kampuni ikirudi nyumbani inaweza mwaga kwa super PAC vile inataka na ni uhuru wa kusema. So mkubwa wetu akipewa ni jinai, wao wakipeana kwao ni demokrasia. Na hata hiyo sheria, Februari 2025 Trump alisaini amri isimamishwe kwanza, ati inazuia kampuni zao kushindana huku nje. Ilirudi Juni na masharti mapya, imepunguzwa makali.

Kibatari_Cha_Usiku

Njugu hapo nimekubali. Ila bado nasema afadhali mwizi anayeandika risiti kuliko asiyeandika. Kule hela za lobi zinaandikishwa, ukitaka kujua kampuni fulani imetumia ngapi kushawishi bunge unafungua unasoma, kwa mwaka mzima wote pamoja ni zaidi ya dola bilioni 4. Zipo wazi.

Shangazi_Minnesota

Kibatari mwanangu, zipo wazi na zinatufanyia nini? Ngoja nikuambie la kazini kwangu. Mimi nalea wazee, kazi yetu wengi tuliokuja huku, naosha, nalisha, nageuza, najua na vidonge vyao. Miaka ya nyuma nilikuwa na mama mmoja namfuata nyumbani kwake, mwalimu mstaafu, mwerevu kuliko mimi na wewe, nikamkuta anakata vidonge vya moyo nusu kwa kisu cha mboga. Nikamuuliza daktari kakuambia? Akasema hapana, bei ndo imeniambia.

Nikawa nauliza kwa nini serikali hii yenye nguvu yote, ndo inayowalipia wazee dawa, isimwambie mwenye kiwanda punguza? Nikaja kujua ilikatazwa na sheria. 2003 walipitisha sheria ya dawa za wazee, kura imeanza saa tisa usiku kule bungeni, walipoona inaelekea kuanguka wakaishikilia wazi karibu masaa matatu wanawabembeleza wabunge mmoja mmoja mpaka kunapambazuka. Na ndani yake mna kifungu kwamba serikali isijadiliane bei na viwanda. Hebu fikiria mnunuzi mkubwa kuliko wote sokoni amekatazwa kusema "punguza". Mimi hata nyanya nazijadili.

Mmoja wa waliousukuma ule mswada ni mbunge wa Louisiana, Billy Tauzin, mwenyekiti wa kamati iliyoushughulikia. Muda wake ukaisha Januari 2005, akaondoka bungeni. Kaenda wapi? Kawa mkuu wa chama cha viwanda vya dawa, PhRMA. Mwezi uleule. Hakuna bahasha, hakuna dhahabu kwenye koti, hakuna aliyekamatwa, kila kitu kiko kwenye magazeti. Hiyo ndo risiti yako Kibatari.

Kile kifungu kilikaa mpaka 2022 sheria ya Biden ilipokitoboa, insulini kwa wazee ikawekewa kikomo dola 35 kwa mwezi kuanzia 2023, na dawa 10 za kwanza zilizojadiliwa bei zikapangiwa kuanza Januari 2026. Hesabu miaka toka 2003. Yule mwalimu wangu hakuifikia.

Kibatari_Cha_Usiku

Shangazi shikamoo. Pole. Hapo sina la kubisha, ingawa mimi ningependa mjue kwamba mshahara wa bwana Tauzin nao ulitangazwa 😅 ok naacha.

Shangazi_Minnesota

Marahaba. Acha tu.

Wakili_Mstaafu_Upanga

Alichosema shangazi ndicho wanasheria hatuna kifungu chake. Hongo ina mtoaji, mpokeaji na siku. Hii ya leo natunga sheria keshokutwa naajiriwa na niliyemtungia, hutaikuta kwenye hati ya mashtaka. Wameweka muda wa kusubiri, mbunge wa baraza la chini asilobi wenzie kwa mwaka mmoja, na katika mwaka huo anaruhusiwa kukaa ofisini kwa mwajiri mpya akiwaelekeza wengine nani wa kumpigia simu.

mama_wawili_Houston

Mmewasahau matajiri wenyewe. Hawa wanasiasa ni vibarua tu. Ile familia ya Sackler, wenye Purdue Pharma ya vidonge vya kutuliza maumivu vya OxyContin, kampuni imekiri makosa ya jinai mara mbili, 2007 na 2020, watu wamekufa huku mitaani kwetu kwa uraibu, na hakuna hata mmoja wa familia ile aliyelala selo. Walichota zaidi ya dola bilioni 10 kwenye kampuni kabla haijaenda kuomba kufilisika. Mimi jirani yangu kijana wake kaenda jela kwa kuuza vidonge hivyohivyo, vya mfukoni, havifiki hamsini.

Fundi_Friji_Tabata

Nimesoma yote nikiwa juu ya ngazi kwa mteja, nusura nianguke. Kwa hiyo nikielewa vizuri, ukipewa kabla na mkapatana ni rushwa, ukipewa baada ni asante, ukipewa pembeni ni uhuru wa kusema, na ukipewa kazi ukishatoka ni ajira. Wamebakiza kidirisha kidogo sana cha kukamatwa na bado Householder na Menendez wakaingia humohumo 😂

Dada wa Ohio swali la mwisho, zile senti 85 walikurudishieni?

BintiUkerewe_Ohio

Za nyuklia hazikuwahi kukusanywa, jaji alizizuia Disemba 2020 siku chache kabla hazijaanza, na Machi 2021 bunge likakifuta kile kipande. Watu wakashangilia, kumbe ndani ya sheria ileile kulikuwa na kipande kingine hakuna aliyekitazama, ruzuku ya mitambo miwili ya makaa ya mawe ya tangu miaka ya 50. Hicho hawakukigusa. Tumekilipia tangu 2020, ndo bunge limekuja kukiondoa 2025, wakati huo spika mwenyewe ana miaka miwili jela tayari na sheria yake ilikuwa bado inatukata.

Na mmoja wa hiyo mitambo hata hauko Ohio. Uko Indiana.

Fundi_Friji_Tabata

Indiana si ni jimbo jingine?

BintiUkerewe_Ohio

Jimbo jingine kabisa.

Fundi_Friji_Tabata

Daah. Haya ngoja nirudi kwa yule mzee, gesi ilikuwa inavuja.